Thioli ndogo za bakteria: hadithi ya kupambana na oksijeni imekuzwa mno

Chukua E. coli, yule bakteria wa maabara anayejulikana kuliko wote, muondolee jeni moja tu inayoitwa gshA, basi hawezi tena kutengeneza glutathioni, moja ya thioli ndogo (yaani molekuli ndogo zenye kile kichwa cha salfa na haidrojeni, SH). Na glutathioni sio kitu cha pembeni kwake, imejaa ndani ya seli kwa kiwango cha milimola kadhaa kwa lita, hamna thioli nyingine ndogo inayoifikia kwa wingi. Sasa kwa jinsi wengi tulivyofundishwa, kwamba hii ndo ngao kuu ya seli dhidi ya oksijeni na makali yake, ungetegemea huyu bakteria akiwekwa kwenye hewa ya kawaida afe, au angalau adhoofike mpaka uone. Wapi! Anakua vizuri tu kama hamna kilichotokea. Mwaka 1986 Greenberg na Demple wakaenda mbali zaidi, wakawapiga bakteria wa aina hiyo kwa haidrojeni peroksidi na kwa mionzi ya gamma, na wakaona kwamba kukosa glutathioni hakuwafanyi wawe rahisi kufa kuliko wenzao waliokamilika.

Hayo matokeo yana miaka karibu 40 sasa, ila maelezo mengi ya kawaida kuhusu thioli ndogo bado yanaanza na kuishia pale pale, kwamba kazi yake ni kuzuia uharibifu wa oksijeni, basi, tuendelee mbele. Msimamo wangu ni kwamba hadithi hiyo imekuzwa kupita kiasi. Sio uongo, na nitafika kwenye sehemu yake ya kweli, ila imefunika kazi nyingine ambazo ndo hasa zinaeleza kwanini koo tofauti za bakteria zimehangaika kila moja kujitengenezea thioli yake, na kwanini baadhi ya mipango ya dawa iliyojengwa juu ya hizi molekuli inapaswa kuangaliwa kwa jicho kali kidogo.

Hesabu kwanza, maana zinamaliza ubishi mapema. Glutathioni peke yake ikikutana na haidrojeni peroksidi inaitikia polepole sana, kasi yake ni kama 1 tu kwa mola kwa sekunde, maana yake hata seli ikiwa na milimola 5 za glutathioni itachukua zaidi ya dakika 2 kupunguza peroksidi kwa nusu. Kwa kiumbe anayeweza kugawanyika kila dakika 20 akiwa na chakula kizuri, dakika 2 ni muda mwingi mno wa kuacha sumu izurure karibu na DNA. Ndo maana kazi hiyo E. coli ameipa protini inayoitwa AhpC, ambayo inafanya hicho hicho kwa kasi kubwa mara mamilioni, na nyuma yake kuna katalesi, kimeng'enya kingine cha kuvunja peroksidi. Glutathioni kwenye hilo eneo ni msaidizi wa mbali.

Basi kama sio hivyo, kwanini seli ijaze milimola kadhaa za kitu ambacho ni ghali kutengeneza? Na ni ghali kweli. Salfa inaingia kwa bakteria wengi ikiwa salfeti, na salfeti haina faida kwa seli mpaka ipewe elektroni 8 igeuke salfaidi, tena kabla ya hapo inabidi iwashwe kwa ATP, sarafu ya nishati ya seli, ndipo salfaidi inapandikizwa kwenye O-asetilserini na inatoka sisteini. Njia yote hiyo kwa ajili ya asidi amino moja. Alafu ukishaipata sisteini huwezi kuiacha ikae hivi hivi kwa wingi, maana ni kisu kikali kisicho na ala. Park na Imlay walilionyesha hili vizuri sana mwaka 2003: sisteini ikizidi ndani ya E. coli inaichukua chuma iliyo huru na kuirudisha kwenye hali yenye elektroni moja zaidi, hiyo chuma ikikutana na peroksidi inazaa haidroksili radikali, kipande kikali mno cha oksijeni na haidrojeni, na hiyo radikali inakata DNA papo hapo ilipozaliwa. Yani asidi amino muhimu kabisa, ile ile inayoshika chuma kwenye vimeng'enya kibao, ikiachwa huru kwa wingi inakuwa ndo inayochochea moto. Kwa hiyo seli inaibana sisteini huru ibaki chini, kwenye sehemu ndogo ya milimola, na ziada inaivisha ala.

Glutathioni ni ala mojawapo. Ni sisteini iliyobanwa katikati ya glutamati na glaisini, na ile bondi ya glutamati sio ya kawaida, imepitia mkono wa pembeni wa glutamati, kwa hiyo vimeng'enya vya kawaida vya kukatakata peptidi vinaipita tu bila kuitambua. Salfa bado ipo na bado inafanya kazi, ila ukali wa kuchezea madini umepungua sana. Kwa maoni yangu hii ndo kazi ya kwanza ya thioli ndogo, kuhifadhi sisteini bila kuungua nayo, na mengine yote yamejengwa juu ya msingi huo.

Ushahidi unaonishawishi zaidi ni kwamba glutathioni sio ala pekee. Mwaka 1978 Robert Fahey na wenzake kule California walitoa matokeo ya kupima bakteria wa aina nyingi, na sehemu kubwa ya wale wa Gram chanya (kundi la bakteria wenye ukuta mnene) hawakuwa na glutathioni kabisa. Sio kwamba walikuwa nayo kidogo, hawana. Swali likawa wanatumia nini, na jibu lilichukua miaka mingi kwa sababu ya namna hizi molekuli zinavyotafutwa. Njia waliyoitegemea ni ya kumwaga rangi inayoitwa monobromobimani kwenye seli zilizopasuliwa, rangi yenyewe haing'ai mpaka ishikane na thioli, ikishashikana inawaka kwa mwanga wa buluu, alafu unapitisha mchanganyiko kwenye mashine ya kutenganisha na kusoma vilele vinavyotoka kimoja kimoja. Kilele cha sisteini unakijua, cha koenzaimu A (msaidizi wa vimeng'enya ambaye naye ana SH) unakijua, alafu unakutana na kilele kirefu ambacho hakilingani na chochote ulicho nacho kwenye rafu. Kimoja cha namna hiyo kwenye bakteria wa jamii ya Streptomyces kilikaa na jina la U17, herufi na namba tu. Mwaka 1994 muundo wake ukawa wazi kutoka zaidi ya upande mmoja, Spies na Steenkamp wa Afrika Kusini wakiupata kwenye Mycobacterium bovis na kundi la Wajapani wakiupata kwenye Streptomyces, na leo tunaiita maikothioli: sisteini yenye kofia ya asetili, imekaa juu ya glukosamini, ambayo ni aina ya sukari, na glukosamini imeshikana na inositoli.

Ulinganifu wa maikothioli na wenzake ulinifurahisha niliposoma. Mbele ya shaba, ambayo huwa inaharakisha thioli kuoza hewani, maikothioli inaoza polepole mara 30 kuliko sisteini na mara 7 kuliko glutathioni. Kama unaitafuta ala bora hapo ndo utaipata, kwa bakteria ambao hawakuwahi kuazima ile ya E. coli.

Nyingine ilikuja 2009. Kwenye Bacillus anthracis kulikuwa na thioli isiyojulikana yenye uzito wa daltoni 398, na thioli ya uzito huo huo ikawa imeonekana imeganda kwenye protini moja ya Bacillus subtilis, OhrR, baada ya kushambuliwa na peroksidi. Newton, Fahey na wenzao wakaifungua na kuipa jina basilithioli: sisteini juu ya glukosamini tena, ila safari hii badala ya inositoli kuna asidi ya maliki. Ipo kwa jamii ya Bacillus, ipo kwa Staphylococcus aureus, ipo hata kwa Deinococcus maarufu kwa kuvumilia mionzi. Ukiziweka hizi mbili pamoja unaona ni ndugu, hata kimeng'enya cha kwanza cha kila njia kimefanana na mwenzake, wakati glutathioni imetokea ukoo mwingine kabisa. Na bado kuna wasiotengeneza yoyote kati ya tatu. Borrelia burgdorferi, anayeleta ugonjwa wa Lyme, anaegemea koenzaimu A yenyewe. Streptococcus pneumoniae hahangaiki kutengeneza, anaichota glutathioni ya mwenyeji wake kutoka nje.

Kama yote haya ni kwa ajili ya oksijeni tu, uvumbuzi wa mara kwa mara namna hii unashangaza kidogo, maana AhpC na katalesi tayari zipo kwa bakteria wengi. Kama ni kwa ajili ya kuwa na sisteini salama inayoweza kushikwa na vimeng'enya na kubebeshwa mizigo, inaeleweka zaidi, kila ukoo ulihitaji mpini wake.

Neno mpini nalitumia kwa makusudi, twende kwenye mfano ninaoupenda kuliko yote. E. coli akila sukari kwa pupa huwa anazalisha sumu yake mwenyewe, methilglaioksali, ambayo inang'ang'ania protini na DNA. Glutathioni inaishika sumu hiyo, na baada ya kimeng'enya cha kwanza, glaioksalesi I, kinachopatikana ni glutathioni iliyobeba laktoili, yaani ile sumu iliyogeuzwa umbo, mgongoni. Hapo wengi wanaishia, wanasema sumu imeshikwa, vimeng'enya viwili vinamalizia, inatoka laktati, glutathioni inarudi huru. Ila kundi la Ian Booth huko Aberdeen lilifuatilia kinachotokea katikati. Kwenye utando wa E. coli kuna mifereji ya potasiamu, KefB na KefC, na ile glutathioni ya kawaida isiyobeba kitu inakaa mle ndani na kuifunga. Glutathioni iliyobeba mzigo inakuja kukaa karibu mahali pale pale, ila yenyewe inafungua. Potasiamu inamwagika nje, haidrojeni inaingia, ndani ya seli panakuwa na asidi zaidi, na kwenye asidi hiyo methilglaioksali inashindwa kufanya madhara yake kwa nguvu ile ya mwanzo, seli inapata muda wa kusafisha. Sumu ikiisha, glutathioni zilizobeba zinaisha, zile tupu zinarudi kwenye kiti chake, mfereji unafungwa.

Tazama kilichotokea hapo. Hamna aliyetuma ujumbe kwa jeni, hamna protini mpya iliyotengenezwa, ni uwiano tu wa glutathioni tupu na iliyobeba unaosomwa moja kwa moja na mfereji, na seli nzima inabadilisha asidi yake ndani ya muda mfupi. Ukimnyang'anya E. coli glutathioni, potasiamu inamvuja, na methilglaioksali inamuua kirahisi. Huyu huyu ambaye peroksidi haikumtisha! Ukimpima kwa oksijeni utasema glutathioni haina kazi, ukimpima kwa sumu ya sukari yake mwenyewe unaona thamani yake yote.

Mzigo mwingine ambao thioli ndogo zinabebeshwa ni dawa. Fosfomaisini ilitangazwa mwaka 1969 ikiwa imetoka kwa Streptomyces, ni molekuli ndogo sana yenye pete ya epoksidi iliyokazwa, na inaua kwa kuishika MurA, kimeng'enya cha hatua ya mwanzo ya kujenga ukuta wa bakteria. Na inaishika wapi? Kwenye sisteini. Pete inafunguka, salfa ya MurA inanasa, kazi imeisha. Sasa bakteria aliyejifunza kujikinga anafanya nini, anaitumia salfa ile ile kuinasa dawa kabla haijafika: kwenye jamii za Gram hasi kuna FosA, inaifungua ile pete kwa kuibandika glutathioni, na kwa Bacillus na Staphylococcus kuna FosB inayofanya hivyo hivyo ila kwa basilithioli. Alafu yupo Mycobacterium tuberculosis, bakteria wa TB, ambaye kwenye ile sehemu ya MurA hana sisteini, ana aspartati, kwa hiyo fosfomaisini haina pa kushika na hahitaji hata kuhangaika. Kemia moja ya salfa, upande mmoja ni shabaha ya dawa na upande wa pili ndo inayoizima dawa.

Kuna kitu kidogo hapa ambacho watafiti wa Staphylococcus wanakijua lakini hakisemwi sana nje ya duru yao: ukoo wa maabara wa S. aureus uliotumika mno miaka na miaka, ule wa 8325, una kasoro kwenye jeni ya hatua ya mwisho ya kutengeneza basilithioli. Hauna basilithioli. Sehemu ya tunachojua kuhusu namna S. aureus anavyokabili msongo wa kikemikali kimetoka kwa bakteria ambao tayari walikuwa wamepoteza thioli yao kuu na hamna aliyekuwa anajua, kwa sababu hiyo thioli yenyewe ilikuwa haijagunduliwa. Walipomrudishia ile jeni nzima, akawa mgumu zaidi kuuawa ndani ya seli za kinga. Mtu akinukuu matokeo ya zamani ya S. aureus kuhusu mambo haya, mimi naanza kwa kuuliza ni ukoo gani ulitumika.

Listeria yeye amekwenda kwingine kabisa, ameifanya glutathioni kuwa taarifa. Listeria monocytogenes akiwa nje kwenye udongo anaishi maisha yake ya kawaida, akiingia ndani ya seli ya mnyama anabadilika, anawasha jeni za kushambulia kupitia protini inayoitwa PrfA. Kwa muda mrefu ilijulikana kwamba PrfA inahitaji kitu kidogo kiishike ili iwake, ila kitu gani haikujulikana. Mwaka 2015 Reniere, Portnoy na wenzao wakaonyesha kwamba ni glutathioni, na sehemu kubwa ni ile anayoitengeneza Listeria mwenyewe. Ukimnyima uwezo wa kuitengeneza, makali yake kwa panya yanashuka. Salfa hapo haichomi kitu wala haizimi kitu, molekuli inakaa tu kwenye protini na kuipa umbo, ni kama vile homoni zinavyofanya kwa wanyama.

Na Streptomyces lincolnensis, anayetupa antibayotiki ya linkomaisini, anazitumia thioli mbili kwa mpigo. Kundi la Shanghai lilieleza hili mwaka 2015: kwanza anaishika sukari ya dawa kwa ergothioneini, thioli ya ajabu ambayo Charles Tanret aliikuta 1909 kwenye kuvu wa ergoti na ambayo wanadamu hatuitengenezi ila tuna hata mlango maalum wa kuipokea kutoka kwenye chakula. Ergothioneini inabeba sukari wakati vipande vinaunganishwa, alafu maikothioli inachukua nafasi yake, na maikothioli ikishavunjwavunjwa inaacha atomu yake ya salfa pale pale ndani ya dawa. Kwa hiyo salfa iliyomo kwenye linkomaisini, na kwenye klindamaisini inayotengenezwa kutokana nayo, ilikuwa ya thioli ambayo vitabu vinaitambulisha kama mlinzi wa oksijeni. Imegeuka kuwa kiungo cha bidhaa.

Sitaki kudanganya upande wa pili. Kuna mashambulizi ambayo thioli ndogo ni ulinzi wa kweli kabisa, na ni yale ambayo AhpC na katalesi hazina la kufanya. Kuna daiamidi, kemikali inayofunga salfa mbili pamoja, au asidi haipoklorasi, ile ile ya kwenye dawa za kusafishia ambayo seli nyeupe za damu zinaimwaga juu ya bakteria waliomezwa. E. coli asiye na glutathioni anaumia nayo sana. Kwa Bacillus, basilithioli inakimbilia kwenye sisteini za protini fulani, kama MetE, inazifunika kabla haipoklorasi haijaziharibu moja kwa moja, na hatari ikipita inaondolewa. Pia kuna swala la kuzibadili ribonukleotidi, vipande vya kujengea RNA, kuwa vipande vya DNA: mwaka 1976 Arne Holmgren huko Sweden alikuta kwamba E. coli asiye na thioredoksini, protini ndogo inayopeleka elektroni kwenye kazi hiyo, bado anajenga DNA yake, na aliyekuwa anambeba ni glutaredoksini, protini nyingine ya namna hiyo inayopata elektroni zake kutoka kwa glutathioni. Mifumo hiyo miwili inashikiliana, ukiondoa mmoja huoni pengo, ukiondoa yote bakteria hawezi kukua hewani. Ndo maana lile jaribio la gshA linadanganya kidogo pia, nakubali. Ila hata hapo ona kwamba kazi ni ya kupeleka elektroni kwenye kimeng'enya cha kujenga DNA, haihusiani na kufukuza sumu.

Kwa wanaopenda mambo ya baharini kuna SAR11, labda bakteria walio wengi kuliko wote kwenye maji ya bahari, na mwaka 2008 ikaonekana kwamba hawawezi kuitumia salfeti. Wanaogelea kwenye maji yenye karibu milimola 28 za salfeti na jeni za kuigeuza hawana, wanategemea salfa iliyokwishapewa elektroni na wengine, hasa DMSP, molekuli yenye salfa inayotoka kwa mwani. Zile elektroni 8 nilizozitaja juu ni gharama ambayo wao wameamua mwingine alipe. Harufu ya bahari unayoisikia, ile dimethili salfaidi, sehemu yake inatokana na bakteria wanaoivunja hiyo DMSP.

Sasa tuje kwenye dawa, maana hapo ndo ile hadithi moja inaleta hasara. Wazo linavutia: binadamu tuna glutathioni, Mycobacterium tuberculosis ana maikothioli, kwa hiyo zuia utengenezaji wa maikothioli na utamuacha bakteria bila ngao huku mgonjwa haguswi. Limeandikwa mara nyingi, kwenye utangulizi wa makala nyingi sana za kisayansi, tangu maikothioli ilipojulikana. Ukiingia kwenye data mambo yanakuwa mazito. Kwenye aina ya bakteria wa TB inayoitwa Erdman, majaribio ya kufuta mshC na mshA, jeni mbili za njia hiyo, yalionyesha kwamba hawezi kuishi bila hizo. Vizuri. Mwaka 2008 Vilchèze na wenzake wakaifuta mshA kwenye aina nyingine, H37Rv na CDC1551, na bakteria wakaishi, ilibidi tu wasaidiwe na katalesi kwenye chakula chao cha maabara, alafu ndani ya panya wakaendelea kuzaliana kama wenzao. Na kwenye Mycobacterium smegmatis, ndugu yake asiye na madhara makubwa, anayekosa maikothioli anaongeza ergothioneini kuziba pengo.

Hapo hapo kuna kibaya zaidi. Wale waliopoteza mshA walikuwa sugu kwa ethionamidi, dawa ya akiba dhidi ya TB sugu. Ethionamidi inaingia kwa bakteria ikiwa haijawashwa, ni mpaka kimeng'enya chake mwenyewe EthA kiiwashe, na maikothioli inasaidia katika kuiwasha. Maana yake dawa ya kuzuia maikothioli ikitolewa kwa mgonjwa ambaye yupo kwenye ethionamidi inaweza kumlinda bakteria badala ya mgonjwa. Ukiiona maikothioli kama ngao tu huwezi kulifikiria hili, kwa sababu ngao ukiiondoa siku zote unatarajia adui adhoofike. Ukiiona kama molekuli ya kazi iliyoingia kwenye njia nyingi za metaboliki, swali la kwanza kabla ya kuizuia linakuwa ni njia zipi zitasimama, na je kuna yoyote kati ya hizo tuliyokuwa tunaitegemea sisi.

Kuna njia nyingine inayozungumziwa sana, ya salfaidi yenyewe, ile gesi yenye harufu ya yai bovu. Shatalin, Nudler na wenzao walitangaza mwaka 2011 kwamba bakteria wengi wanaitengeneza na kwamba inawapunguzia makali ya antibayotiki, alafu 2021 wakaonyesha vizuizi vya sistathionini gamma-laiesi, kimeng'enya kinachoitoa hiyo gesi, vikizipa antibayotiki nguvu zaidi dhidi ya S. aureus na Pseudomonas aeruginosa. Matokeo ya 2021 nayaheshimu kwa sababu yamejaribiwa mpaka kwa panya. Maelezo ya kwanini inafanya kazi ndo yananipa shaka kiasi, maana toleo la mwanzo liliegemea kwenye dhana kwamba antibayotiki zinaua kwa kuzalisha radikali za oksijeni, na mwaka 2013 makundi mawili, la Imlay na la Kim Lewis, yakaonyesha antibayotiki zikiua hata pasipo oksijeni. Ubishi huo haujaisha. Ila kizuizi kinaweza kuwa kizuri hata kama maelezo yake ya awali yana kasoro, cha msingi ni kujua kinachogusa kwenye njia nzima ya sisteini, maana kimeng'enya hicho ni sehemu ya njia ya kutoa sisteini kwenye methionini na sio bomba la gesi peke yake.

Kwa hiyo mimi ningeweka nguvu kwa vimeng'enya vinavyoitumia thioli kwa kazi moja mahususi, kuliko vile vinavyoitengeneza. FosB ni mfano mzuri. Ukiizuia FosB, basilithioli inabaki kama ilivyo, bakteria hapati shinikizo la kutafuta thioli mbadala, na kizuizi chenyewe hakilazimiki hata kuua. Kinachotakiwa ni kuichelewesha ile salfa isiifikie pete ya epoksidi mpaka fosfomaisini, dawa ambayo tayari ipo na inatumika, ifike kwenye MurA.